Nilivyoupata mkate wa asubuhi Fort Portal

Kila ninapotoka Kampala kwenda kikazi Fort Portal, mji wa magharibi mwa Uganda, mwendo wa takriban kilomita 300, wenzangu hunisihi nile kifungua kinywa cha hotelini kwa kuwa kimekwisha kulipiwa. Ushauri huo siufuati, kwani hotelini nitaletewa vipande vya mkate mweupe wenye sukari, ilhali mjini kuna mama mwokaji anayeumua unga kwa chachu aliyoitunza mwenyewe na kuoka katika tanuri la kuni.

Aliyenikera zaidi ni mhudumu wa mapokezi aliyenihakikishia kwamba niende saa nne, wateja wakiwa wamepungua. Nilikwenda saa hiyo nikakuta rafu tupu, zimebaki skonzi chache tu. Mama yule alinieleza kwa upole kwamba kinyunya cha namna hiyo hukandwa jioni, kikaachwa kiumuke usiku kucha, kisha kikaokwa alfajiri. Hakuna mkupuo wa pili, na magari ya hoteli za kwenye maziwa ya kreta huja mapema kuchukua oda zao.

Tangu hapo nimekuwa na utaratibu wangu, nao umenifaa sana. Jioni ile ile ninayofika, hata kabla ya kuoga, hupita kwake, nikalipa kiasi cha mkate mmoja na kumwomba aniwekee ule utakaotoka mwisho. Wa mwisho ndio bora, kwa sababu moto umeshatulia na ganda huiva polepole hadi likawa la kahawia iliyokolea. Asubuhi nafika saa moja, baridi ingali kali, na milima ya Rwenzori huonekana vizuri kabla mawingu hayajaifunika.

Mara ya kwanza nilipoletewa mkate wangu ukiwa wa moto, nilishika kisu mara moja. Mama akanizuia mkono, akiniita kwa jina la heshima na upendo la Watooro, wenyeji wa huko: “Subiri kidogo, Amooti. Ukiukata sasa, ndani utanata kama ugali mbichi.” Aliugeuza, akaugonga chini kwa kidole, ukatoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani, ishara kwamba umeiva, kisha akautua juu ya waya, nasi tukasikia ganda likipasuka taratibu kadiri lilivyopoa. Nusu saa ile ya kusubiri ni ya kahawa ya arabika kutoka miteremko ya Rwenzori, na naomba mtu asiiharakishe.

Mkate, siagi, asali, mayai na kahawa hunigharimu shilingi elfu ishirini na kitu. Wapo wanaoona ni ghali, lakini Uganda hulima ngano kidogo na sehemu kubwa ya unga hutokana na ngano ya kutoka nje, tena kazi yenyewe ni ya usiku mzima.

Kipande kinachobaki kifungwe kwa karatasi, kamwe si kwa kavera (mfuko wa plastiki), ambayo hulainisha ganda. Kwa uchachu wake, mkate huo hukaa siku kadhaa bila kuota ukungu, na safari ya kurudi Kampala huumaliza ukiwa bado mtamu.