Draiva ya Kadi ya Michoro Kwenye Windows 7

Jana usiku nilifanikiwa kuifufua kompyuta ya mezani ya marehemu baba, ambayo bado inatumia Windows 7, na furaha niliyo nayo ni kubwa. Baada ya kuweka mfumo upya, skrini ilijaa maandishi makubwa yenye ukungu, kwa sababu kadi ya michoro ikikosa draiva yake, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia, hutegemea ile ya msingi tu. Katika maelezo ya kifaa nilikuta namba yenye VEN_10DE, msimbo wa mtengenezaji, yaani kadi ya kampuni ya NVIDIA, nikapakua draiva ya tawi (mfululizo wa matoleo) la 470, la mwisho kuukubali mfumo huo. Ikagoma: alama ya manjano na kosa namba 52, maana saini yake ya kidijitali haikutambuliwa. Windows 7 isiyo na masahihisho haisomi saini za SHA-2, aina mpya zaidi ya saini hizo, kwa hiyo niliweka kwanza sahihisho la Microsoft liitwalo KB4490628, kisha KB4474419, na nadhani hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Niliposakinisha draiva tena, skrini ilizima kidogo, ikarudi. Nikafungua picha za harusi ya wazazi wangu, na hata maua ya kanga ya bibi yalionekana moja moja.