Kuifundisha simu saa zetu

Siku hizi jioni zangu zote zinaishia kwenye mazoezi ya mwanzo kabisa ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta: pokea jina, salimia, pokea namba mbili, jumlisha, pokea umri, toa mwaka wa kuzaliwa. Wengi huyaruka ili wawahi kutengeneza michezo na tovuti. Mimi naona kazi yenyewe iko hapa. Hata ile menyu ya kutuma pesa kwa simu ni hivyo hivyo: inauliza, inapokea, inapiga hesabu, inajibu.

Kilichonivutia mwanzoni ni kwamba amri ya input, inayopokea anachoandika mtu, hairudishi namba, hata kama umeandika namba. Inarudisha maandishi. Pokea 5, pokea 3, zijumlishe hivyo hivyo, utapata 53. Hiyo 5 ya maandishi ukiizidisha mara 3 inatoka 555. Lazima kwanza uigeuze iwe namba kwa amri ya int, au ya float kama ina desimali. Zamani, kwenye Python 2, input ilijaribu kukokotoa chochote kilichoandikwa, hata kama ni amri. Python 3, iliyotoka mwaka 2008, ikaliacha jambo hilo. Walifanya vizuri sana. Anachoandika mtu usiyemjua kipokelewe kama maandishi tu, mpaka mwenye programu aamue kukigeuza.

Ila mazoezi mengi yanataka ugeuze Fahrenheit kuwa Selsiasi, au maili kuwa kilomita. Hapa Ngamiani, Tanga, nani anapima joto kwa Fahrenheit? Programu ikiniambia 100 ni sawa na 37.8, sina hisia yoyote ya kunijulisha kama imekosea. Nikaona bora nichukue kitu ambacho jibu lake nalijua kabla ya mashine: saa zetu.

Saa za mchana tunazihesabu tangu jua linapochomoza, kwa hiyo ili upate saa ya simu, ile ya 00 hadi 23, ongeza 6. Saa 3 asubuhi inatoka 9, saa 10 jioni inatoka 16. Usiku ongeza 18, na saa 2 usiku inatoka 20. Mpaka hapo ni mteremko. Sasa jaribu saa 6 usiku: 24, na hakuna simu inayoonyesha 24. Saa 11 alfajiri ndiyo kabisa, 29. Hapo ndipo nilipoipenda alama ya % ambayo inatoa baki ya kugawanya: 29 kwa 24 inabaki 5, na kweli saa 11 alfajiri ni 05:00. Inayosumbua zaidi ni saa 12. Ya jioni ukiongeza 6 unapata 18, sawa kabisa. Ya asubuhi nayo inatoka 18! Kila aliyepanda basi la Dar la saa 12 asubuhi anajua kwamba haiwezekani. Asubuhi ikapata kanuni yake: chukua kwanza baki ya kugawanya kwa 12, ili 12 iwe 0, ndipo uongeze 6.

Kisha nikampa simu shangazi, anayekaanga vitumbua na hajawahi kuona programu ikiandikwa. Nilitaka kuona mtu wa kawaida anajibuje.

"Shangazi, andika saa unayoamka."

"Niandikeje, mwanangu?"

"Vile unavyosema."

Akaandika: saa kumi alfajiri. Programu ikakatika papo hapo na kosa liitwalo ValueError, maana int haielewi "kumi". Shangazi amejibu sawasawa; swali ndilo lililokuwa pana mno. Nikaligawa mara mbili. La kwanza: "Saa ngapi? Andika namba tu, 1 hadi 12." La pili: "Ni asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri?"

Safari hii kibodi ya simu ikaanza neno kwa herufi kubwa na kuacha nafasi mwishoni, na kwa Python "Alfajiri " na "alfajiri" ni vitu viwili tofauti. Amri ya strip inaondoa nafasi, ya lower inashusha herufi ziwe ndogo. Maneno mawili mafupi tu, lakini ndiyo yanayomfanya mtu ajibiwe badala ya kukataliwa kwa kosa ambalo hata halioni. Naona kila anayefundisha wanaoanza angeyaleta siku ya kwanza, pamoja na print, amri ya kuonyesha jibu.

Ikatoka 04:00. Shangazi akaangalia saa ya simu, akaangalia jibu, akatikisa kichwa kukubali.

"Haya. Na saa 1 kasoro robo asubuhi?"

Hilo ndilo ninaloandika sasa. Dakika zinakuwa 60 toa 15, na saa inarudi nyuma moja. Saa 1 ikirudi nyuma inakuwa 0, na 0 ndiyo ile ile niliyoipata kwa saa 12, kwa hiyo kanuni ya asubuhi inaipokea bila kuguswa: 06:45. Bado sijaamua robo niiulizie kwa swali la tatu, au nimwache mtu aandike "kasoro robo" kama anavyosema, halafu programu ndiyo ihangaike.