Kreti ya Sita

Tangu Jumamosi sebule ya Baba imejaa kreti. Za plastiki, za kijivu, mdomo mpana na tako jembamba ili moja ikae vizuri juu ya nyingine. Mizigo inatangulia Kakamega kwa meli, mwenyewe atafuata kwa ndege mambo ya kustaafu yakiisha. Nilikuwa nazipanga karibu na mlango. Niliponyanyua ya sita, Baba akasema kutoka kwenye kochi, macho yake yako kwenye simu, "Hiyo itaanguka, mama."

Mikono ikanisimama. Miaka yote hii nilidhani ni mimi tu ninayekumbuka.

Mchezo wa roboti wa mwaka ule, 2015, uliitwa Recycle Rush. FIRST, shirika la Marekani linaloandaa mashindano ya roboti za wanafunzi, hutangaza mchezo mpya kila Januari, na timu zote, za Marekani na za nje, huuona siku moja. Kwetu ilikuwa Jumamosi tarehe 3. Tulibanana kwenye karakana ya shule, nje baridi ya Minnesota inakata masikio, tukatazama video ya maelezo. Waliokuwepo mwaka uliotangulia walikuwa bado wana kiu ya Aerial Assist, mpira mkubwa unaopigwa pasi kutoka roboti hadi roboti huku wapinzani wakikuvamia. Wakangoja kuona mpira. Hawakuuona. Waliona kreti, mapipa ya taka, na mirija ya sponji ile ambayo watoto huelea nayo kwenye bwawa. Uwanja umekatwa katikati kwa jukwaa fupi, wekundu huku, bluu kule, na hakuna ruhusa ya kuvuka. Hata zile bampa za kitambaa ambazo roboti huvishwa kujikinga na kugongwa, mwaka ule hazikuwa lazima.

Dereva wetu alivua kofia. "Yaani hatugusani kabisa?"

Mimi nilifurahi, na sikumwambia mtu. Nilikuwa na miezi minne tu katika shule ile. Kwenye korido nilikuwa nikitembea nimeshika ukuta, Kiingereza changu kinatoka baada ya wenzangu kushacheka na kupita. Mchezo ambao hakuna mtu anaweza kuja upande wangu kunigonga, niliona kama umetungwa kwa ajili yangu.

Hesabu zake niliziweka kichwani usiku uleule. Kreti moja kwenye jukwaa la pointi ni 2. Ukipanga sita ni 12. Pipa likikaa juu ya sita ni 24, kwa sababu kila ghorofa inalipa 4. Mrija wa sponji ndani ya pipa ni 6. Rundo moja kamili, 42. Roboti yetu ilikaa kwenye mlango wa kulishia, pale kreti zinapoingizwa uwanjani, lifti ikanyanyua rundo, kreti mpya ikateleza chini yake, lifti ikashuka ikazishika zote. Lifti hiyo tuliijenga kwa reli za droo za kabati. Mshika lifti nilikuwa mimi.

Wiki sita zilipita kwa pizza baridi na vidole vilivyokatika. Tarehe 17 Februari roboti ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukafungwa lakiri, basi. Hakuna kugusa tena hadi siku ya mashindano.

Mashindano yenyewe yalikuwa Minneapolis, pale Chuo Kikuu cha Minnesota. Baba alikuja asubuhi moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, bado na sare yake ya makao ya wazee na kitambulisho shingoni. Hakuwa amelala. Akavaa miwani ya usalama waliyompa mlangoni, akaja hadi kwenye banda letu, akamsalimu kila mtoto kwa mkono. Alitazama mechi mbili, kisha akanivuta pembeni. Baba ni mtu wa AFC Leopards tangu utoto wake, mpira anaujua.

"Mnacheza na nani?"

"Na wale wa bluu."

"Mbona hawaji?"

"Hawaruhusiwi kuvuka, Baba."

"Mmeshinda?"

"Hakuna kushinda. Wanachukua pointi zetu za mechi zote, wanatoa wastani, ndiyo wanapanga nani wa kwanza."

Akafikiri kidogo. "Basi huo ni mtihani, mama. Si mchezo." Akanipapasa bega, akarudi kukaa. Mechi iliyofuata nilimwona kutoka uwanjani, kichwa kimelala kifuani.

Iliniuma. Iliniuma zaidi kwa sababu nilijua anasema kweli. Siku nzima nilikuwa nimekwisha kuona kwamba mtu pekee aliyeweza kutuangusha ni mwenzetu. Roboti tatu za upande mmoja, timu ambazo zimekutanishwa na ratiba tu, zinazungukana kwenye nusu ya uwanja iliyojaa kreti, na kila mmoja anarudi kinyumenyume na rundo refu kuliko mtu. Wapinzani hata hawakutuangalia. Kila upande ulikuwa unapigana na mikono yake.

Mechi ya mwisho siku ile ndiyo ninayoiona hadi leo.

Tulikuwa na tano ndani. Ya sita ikaingia, lifti ikashuka, ikashika. Nikahisi kwenye vidole, kabla ya kuona, kwamba rundo limeanza kuyumba. Dereva akarudi nyuma taratibu. Na mwenzetu naye akarudi nyuma kutoka mlango wake. Pembe yake iligusa kreti yetu ya tatu, kugusa tu. Zile za juu zikaenda moja baada ya nyingine, na pipa likaanguka la mwisho, likabiringika hadi kwenye ukuta wa kioo na kusimama mbele ya miguu yangu. Plastiki tupu ikianguka kwenye zulia haina kishindo. Inatoa sauti kama ya mtu anayekohoa.

Zilibaki sekunde 30 hivi. Dereva ameachia mikono. Ndipo nilipotazama mbali, ng'ambo ya uwanja, mita kama 16, nikaona msichana wa bluu nyuma ya kioo chake ananipungia. Si kunisalimu. Anaonyesha jukwaa la katikati.

Pale katikati walikuwa wamekwisha kupanga kreti tatu za manjano. Hizo zilikuwa na sheria yake: manjano nne zikipangana juu ya jukwaa lile, kila upande unapata pointi 40, sisi 40, wao 40. Tatu zao zilikuwa zimesimama. Ya nne ilikuwa kwetu, imelala kando ya magurudumu yetu.

Nikamgusa dereva bega. Akaielewa bila neno. Roboti ikaichukua, ikageuka. Nikapandisha lifti, reli za droo zinalia, moja, mbili, juu ya ya tatu. Roboti ya bluu ikarudi nyuma kutuachia nafasi, na yule msichana akainua kiganja: njooni, njooni, hapo hapo, simama. Kutoka kwangu sikuweza kuona umbali. Yeye ndiye aliyekuwa jicho langu. Nikashusha. Mdomo wa kreti ya manjano ukagusa mdomo wa ile ya chini, ukakwama upande mmoja, ukaning'inia. Nikapandisha kidogo kama unene wa kidole. Dereva akasogeza. Nikashusha tena, ikakaa.

Ukumbi ukainuka. Nilipogeuka nikamtafuta mtu mmoja tu, na alikuwa amesimama, mikono yote miwili juu, sare yake ya kazi imepanda hadi tumboni, anapiga kelele kwa Kiluhya kana kwamba Ingwe, Leopards wake, wamefunga dakika ya 90.

Hatukufika mbali. Fainali za St. Louis mwezi wa Aprili niliziangalia kwenye kompyuta ya shule, na huko niliona ushindani wa pande mbili ulikojificha: mapipa manne ya katikati. Roboti zilirusha mikono na kuyanyakua chini ya sekunde moja, zikiwa bado zinajiendesha zenyewe, watoto hawajashika hata rimoti. Kufumba na kufumbua, yamekwisha. Nikamkumbuka dereva wetu alivyovua kofia.

Mwaka uliofuata ulikuja Stronghold, makasri na vizuizi, mipira ya sponji, roboti zinagongana, zinakwama, zinapanda mnara. Kila mtu aliupenda na walikuwa na haki. Baba alikuja akapoteza sauti. Mimi pia nilifurahi, na nilikuwa nimeshajifunza kugongwa. Lakini nikijaribu kuushika mchezo ule sasa, sipati mechi hata moja nzima. Wa 2015, ambao nikiulizwa nitakubali ulitungwa vibaya, naushika hadi kwenye ule mdomo wa kreti uliokwama. Sijui niseme nini juu ya hilo. Pengine tulikuwa tumenyimwa wenzetu siku nzima, ndiyo maana kiganja kimoja kilitosha. Pengine ni Baba tu, kusimama kwake.

Niliweka ya sita juu. Ikayumba, ikatulia.

"Unaukumbuka mchezo wa kreti?" nikamuuliza.

"Ulikuwa mbaya ule," akasema. Akaendelea na simu yake kitambo. Kisha akaiweka chini.

"Yule msichana wa upande ule mwingine. Ulimpata jina?"

Sikuwahi kumuuliza.