Jetiski yangu ilivyokunywa maji Pirates na vile niliiwasha tena

Hii naiandika kwa sababu nimeshaona mashine nzuri kadhaa zikifia hapa pwani kwa kosa moja, injini imejaa maji na mwenyewe bado anafinya starta tu.

Ilikuwa Jumapili ya Disemba, ufukwe wa Pirates hapa Mombasa umejaa watu wa bara mpaka mchanga huuoni, kaskazi inavuma na maji yanakupwa. Jetiski yangu, hii pikipiki ya majini, ni Yamaha ya zamani, silinda mbili, tustroki ya kabureta, ndiyo inayolisha nyumba. Mteja mmoja akakata kona kwa spidi akapinduka nayo. Yeye alikuwa salama alhamdulillahi, laifu jaketi alikuwa ameivaa na kufungwa sawasawa. Vijana wawili wakaogelea wakaigeuza upande ule uliowajia rahisi, halafu mashua ikaifunga kamba ikaivuta mpaka ufukweni mbio mbio. Wote walitaka kunisaidia na niliwashukuru, lakini hapo ndipo maji yalipoingia zaidi. Ekzosti ya jetiski huwa na maji ndani yake siku zote, ukiigeuza upande usiofaa yanarudi kwenye silinda, ndiyo maana nyuma kuna stika ya mshale wa kuonyesha igeuzwe wapi. Na ukiivuta kwa kasi injini ikiwa imezima, pampu ya jeti inasukuma maji kwenye mpira wa kupoza injini, na kwa vile hakuna moshi wa kuyatoa nje yanajaa ekzosti mpaka yanapanda kwenye injini. Ya kuvutwa ni mwendo wa polepole, kama mtu anatembea, au ubane ule mpira kwanza.

Tulipoifikisha mchangani binamu yangu akafinya starta. Tak! Mara moja, kimya. Akafinya tena, tak. Mimi nikamshika mkono. Nilikuwa najua kidogo tu, kwamba maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikipanda ikayakuta haina pa kuyapeleka, na starta ikilazimisha kinachopinda ni mkono wa pistoni na hapo injini imekwisha.

Nikampigia fundi mmoja wa Mtwapa, mzee wa mashine za boti.

"Ami, shikamoo. Jetiski imepinduka, starta inagonga mara moja inakwama."

"Marahaba mwanangu. Plagi umetoa?"

"Bado ami."

"Basi usiguse hiyo starta. Fungua kiti, mvuke wa petroli utoke kwanza, ndio utoe plagi. Na usingoje kesho, chumvi haingoji."

Kiti nilipokishika nikakikuta hakijajifunga vizuri, na chini maji yamefika nusu ya injini. Hiyo niliikosea mimi asubuhi, nilifunga kwa haraka. Tukafungua vile vifuniko viwili vya nyuma vya kutolea maji, tukainua mbele ya jetiski juu ya magogo, maji yakatoka kwa muda mrefu sana. Plagi zote mbili zilikuwa zinatiririka. Kofia za plagi nikazifunga kwa waya kwenye chuma cha injini, mbali na matundu, kwa sababu fundi alisisitiza nisiziache zikining'inia, cheche ikipata mvuke wa petroli ni moto, na pia umeme ukikosa pa kwenda unaweza kuharibu boksi la kuwashia. Nikafunika matundu kwa taulo kuukuu nikakaa pembeni, nikafinya starta sekunde tano.

Maji yalitoka kama bomba limepasuka, yakaisukuma taulo ikaanguka, maji ya kijivu yenye oili yakanipiga mpaka shingoni. Nikapumzisha starta kidogo, tena sekunde tano, tena. Mara ya sita au ya saba ikawa inatoa ukungu tu. Nikapuliza WD-40, ile dawa ya kufukuza maji na kutu, kwenye matundu, nikazungusha tena, nikatia plagi mpya.

Ikashika, ikanguruma kidogo, ikazima. Nilivunjika moyo wallahi, jua linazama na mimi nimelowa oili. Nikampigia ami tena akauliza petroli nimeiangalia. Nikafungua kikombe cha chujio nikamimina kwenye chupa ya maji ya kunywa ile nyeupe, nikaiacha itulie kwenye mchanga. Baada ya dakika kadhaa ikajigawa, petroli juu na chini kama kidole kimoja cha maji matupu. Tukanyonya tangi lote, tukasafisha chujio na kabureta, tukatia petroli mpya. Hii tustroki inachoma oili pamoja na petroli kwa hivyo hakuna oili ya kumwaga, lakini kama yako ni fostroki chomoa dipstiki kwanza, ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa usiwashe, ibadilishe, na mara moja huwa haitoshi.

Usiku huo huo ikawaka. Moshi mwingi, mzito, mweupe, lakini ikawaka na ikakaa! Nje ya maji usizidishe sekunde 15 bila mpira wa maji, injini hii inapozwa na maji ya nje. Na kwa mpira kuna utaratibu, washa injini kwanza ndio ufungue maji, ukimaliza funga maji kwanza ndio uzime. Ukigeuza utaratibu huo unajaza ekzosti upya kwa mkono wako mwenyewe, na nimeona mtu akifanya hivyo baada ya kuhangaika siku nzima.

Asubuhi yake nikaishusha majini nikaiendesha kama nusu saa mfululizo ili joto likaushe kila kitu ndani. Ule mshale wa nyuma ulikuwa umefutika, nimeuchora upya kwa rangi nyekundu, mkubwa. Mpaka leo inafanya kazi, ila starta asubuhi inazunguka kwa uzito kidogo, nadhani nayo iliingia maji, wiki hii tunaifungua na ami tuangalie.