Vitu ninavyobeba wodini, na mahali pa kila kimoja

Orodha tuliyopewa chuoni kabla ya kwenda wodini mara ya kwanza ilikuwa ndefu: sare jozi mbili, viatu vyeusi vya kufunika mguu, saa yenye mshale wa sekunde, stetoskopu, kipimajoto, mkasi, futi kamba, kalamu za rangi tatu, boksi la glavu, na logibuku, lile daftari la kusainiwa kazi ulizofanya wodini. Orodha yenyewe ilikuwa sahihi. Haikusema tu kitu gani kikae wapi, na hilo ndilo lililonichukua muda kulipanga, kwa sababu wodini mwanafunzi hana meza yake. Ana mifuko ya sare na mikono miwili, na mara nyingi mkono mmoja umeshamshika mgonjwa.

Nasoma stashahada ya uuguzi na ukunga hapa Tanzania, na mazoezi yangu mengi nimeyafanyia hospitali ya mkoa: wodi ya wanaume, ya watoto, ya upasuaji, kisha leba, wodi ya kujifungulia. Nilijiwekea utaratibu mmoja. Kitu nitakachokihitaji nikiwa kando ya kitanda kinakaa mwilini, mahali ninapokifikia bila kumwacha mgonjwa. Vingine vyote vinabaki kwenye begi, na begi linabaki chumba cha kubadilishia nguo.

Kinachotangulia ni saa. Nilinunua ile ya kubana kifuani, inayoning'inia kichwa chini ili mwenyewe uisome ukiinama. Ya mkononi nilishaiacha nyumbani pamoja na pete na bangili, kwa sababu mkono wa muuguzi unatakiwa uwe mtupu kuanzia kiwiko kushuka chini, maji na sabuni vipite kila mahali. Kuna wenzangu wanaotumia simu kuhesabia mapigo. Mimi sikubaliani nalo. Simu inashikwa kwenye daladala, mezani, chooni, halafu unaileta kitandani kwa mtu mwenye kidonda. Na mgonjwa akikuona umeinua simu mbele yake anadhani unampiga picha, na ana haki ya kuogopa hivyo.

Faida ya saa ya kifuani niliiona zaidi kwenye kuhesabu pumzi. Mtu akijua unahesabu pumzi zake, anaanza kupumua tofauti. Kwa hiyo nashika kifundo cha mkono wake, nahesabu mapigo dakika nzima, nikimaliza siachii mkono. Naendelea kuushika kana kwamba bado nipo kwenye mapigo, macho yanahamia kifuani kwake na kwenye mshale wa saa yangu. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya pumzi 12 na 20 kwa dakika. Kwa watoto nasubiri atulie, akiwa ananyonya au amelala mapajani kwa mama yake, maana mtoto anayelia hesabu yake haina kazi. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 12, au 40 na kuendelea kwa wa mwaka mmoja mpaka mitano, hizo ni za haraka na namwita sista pale pale. Hesabu hiyo huwezi kuikadiria kwa macho.

Sare nilizonunua zilikuwa na mifuko mifupi. Ukiinama kutandika kitanda, kalamu zote chini. Nilizipeleka kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu nikamwomba ashushe mifuko yote miwili ya chini, na ndani ya wa kushoto apige mshono wa wima ili ugawanyike. Ni kazi ndogo, lakini ndiyo iliyonipa mpangilio ninaoutumia hadi leo. Mfuko wa kulia ni wa usafi: kichupa kidogo cha sanitaiza na pamba za spiriti zilizofungwa moja moja. Hakuna kitu kingine kinachoingia humo. Mfuko wa kushoto ni wa vitu vinavyoshikwa shikwa: upande mmoja kalamu na rula fupi, upande wa pili mkasi wa ncha butu na kidaftari. Mkono unajua wenyewe uende wapi, hata saa tisa za usiku.

Glavu haziingii mfukoni. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona wengi wakizijaza kwenye sare asubuhi, zinakaa pamoja na sarafu za nauli na vifuniko vya kalamu, halafu saa nne zinatolewa kumsafishia mtu kidonda. Glavu ya namna hiyo inakulinda wewe tu, mgonjwa haimlindi. Boksi la wodi likiwepo, nachomoa humo. Siku ambazo wodi imeishiwa, nabeba zangu kutoka nyumbani kwenye kikontena kidogo chenye kifuniko, nakiweka juu ya troli, nasafisha mikono kwanza ndipo nafungua. Sanitaiza nasugua mpaka ikauke yenyewe, sekunde 20 hadi 30. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana naenda kwenye bomba, sekunde 40 hadi 60. Glavu nikiivua narudia tena.

Stetoskopu nasafisha ile sahani yake kwa spiriti kila ninapotoka kitanda kimoja kwenda kingine, na vile vya masikioni nikiazimwa au nikimwazima mtu.

Nyuma ya kitambulisho changu nimebandika kikaratasi cha matone ya dripu, nikakifunika kwa selotepu ili niweze kukipangusa kwa spiriti. Kwa seti, yaani mpira wa dripu, inayotoa matone 20 kwa kila mililita, lita moja kwa saa 8 ni matone 42 kwa dakika, kwa saa 6 ni 56, kwa saa 12 ni 28. Nusu lita kwa saa 4 inarudi kwenye 42 ile ile. Hesabu naijua, ila usiku wa manane, huku bibi wa kitanda cha mwisho anaita na dripu ya kitanda cha katikati inakaribia kuisha, ni salama zaidi kusoma kuliko kukokotoa. Kwanza lakini soma pakiti ya seti yenyewe, maana zipo za watoto zinazotoa matone 60 kwa mililita, na hapo kikaratasi changu hakitumiki.

Leba ndiyo wodi iliyobadilisha begi langu zima. Kule nilipunguza karibu kila kitu nikabaki na saa, futi kamba, kalamu, rula na fetoskopu, ile pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto. Muundo wake umetokana na wa daktari Mfaransa Adolphe Pinard, wa mwaka 1895, na mpaka leo haihitaji betri wala umeme. Mashine ya kusikilizia ilikuwepo, lakini kulikuwa na akina mama wengi kuliko mashine, na betri ikiisha katikati ya zamu huna pa kwenda. Nilinunua yangu ya mbao.

Sista aliyenifundisha kuitumia alinisimamia mpaka nikaelewa. Kwanza mikono: unapapasa tumbo taratibu utafute mgongo wa mtoto, upande ulio mgumu na uliolala sawasawa, maana moyo unasikika vizuri zaidi kupitia mgongo. Unaweka upande mpana kwenye tumbo, sikio kwenye upande bapa, halafu unaachia mkono. Fetoskopu inabaki imeshikiliwa na sikio lako na tumbo la mama tu. Ukiendelea kuishika kwa vidole unasikia mkwaruzo wa vidole vyako. Ule mkono ulioachia unaupeleka kwenye mapigo ya mkono wa mama. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mikono lazima iwe mitupu. Ukisikia sikioni mdundo unaokwenda sawa na ule unaougusa kwenye mkono wa mama, basi unamsikiliza mama, si mtoto, na inabidi utafute upya. Uchungu ukishapita unahesabu dakika nzima, macho kwenye saa. Kati ya 110 na 160 ni kawaida. Mama akishaingia kwenye uchungu uliokolea unarudia kila nusu saa, unaweka nukta kwenye patografu, karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, unaunganisha kwa mstari.

Nusu saa hizo ndizo zilizonifundisha kubeba rula. Patografu ni mistari midogo na viboksi: nukta za moyo wa mtoto, alama ya mkasi (X) kwa kufunguka kwa mlango wa kizazi, duara kwa kichwa kinavyoshuka. Uchungu unauhesabu kwa dakika 10 kiganja kikiwa juu ya tumbo, na kila kiboksi kina namna yake ya kujazwa. Uliodumu chini ya sekunde 20 unaweka vinukta, wa sekunde 20 mpaka 40 unaweka mistari ya mshazari, uliozidi 40 unakijaza chote. Karatasi ikichorwa ovyo, sista wa zamu inayofuata hawezi kuona kama mstari unaelekea pabaya, na mstari huo ndio unaoamua kama daktari aitwe sasa hivi.

Mama mmoja, mimba yake ya kwanza, aliniuliza, "Sista, unasikia nini humo?" Nikamwambia, "Mwanao yupo vizuri, mama, mia na arobaini na mbili." Akashusha pumzi. Kila niliporudi baada ya hapo alikuwa ananiwahi kuuliza namba. Nilimtajia kila mara, na sioni sababu ya kumficha mama habari za mtoto wake.

Kidaftari changu hakina jina la mtu hata mmoja. Asubuhi, wakati wa ripoti, nagawa ukurasa mmoja kwa namba za vitanda: tatizo, dripu, dawa na saa zake, vipimo vinavyosubiriwa. Saa naziandika kama zilivyo kwenye faili, 1400, na pembeni yake saa nane, kwa sababu ndugu wa mgonjwa akiniuliza nitamjibu saa nane. Zamu ikiisha nakabidhi, kisha ukurasa nauchana vipande palepale wodini. Hautoki nje ya geti. Logibuku nayo nimeifunika kwa nailoni ngumu, na saini naomba siku hiyo hiyo nilipofanya kazi, sista akiwa bado ananikumbuka nilivyofanya.

Kwenye begi, mbali na wagonjwa, kuna chupa ya maji, chapati mbili au karanga, sweta la usiku ambalo nalivua kabla ya kumgusa mtu, na mfuko wa kitambaa wa sare chafu. Nyumbani natoka na nguo za kawaida na kurudi hivyo hivyo. Sare haipandi daladala. Ikifika nyumbani inaloekwa na kufuliwa peke yake, inaanikwa juani, inapigwa pasi.

Mfukoni pia kamwe hapaingii sindano iliyotumika, hata kwa hatua tatu za kwenda kwenye sefti boksi, boksi gumu la kutupia sindano. Boksi ndilo linaloletwa kitandani kabla sijafungua sindano. Na kuna kadi ninayotembea nayo ambayo haikuwa kwenye orodha ya chuo: ya chanjo ya homa ya ini B, dozi zote tatu. Ya pili hufuata mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu hutimia mwezi wa sita, kwa hiyo anza mapema kabla ya kuingia wodini. Nyuma ya kadi nimeandika mahali pa kwenda nikichomwa kwa bahati mbaya, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, na zikipita saa 72 hazitolewi tena.

Mdogo wangu wa chuoni aliniuliza juzi anunue nini kwanza, hela haitoshi vyote. Nilimwambia aanze na saa na viatu visivyoteleza vyenye soli ya kufutika, halafu chanjo. Stetoskopu iwe ya mwisho, hiyo ya kuazima wodini ipo.