Siku niliyokaza glandi ya boti la mjomba

Ilikua Februari 2007, nimemaliza form four nasubiri matokeo, pale nyumbani Dodoma mjini wameshanichoka, mama akanipandisha basi la Iringa niende Mtera, kwenye lile bwawa la umeme, kwa mjomba nikasaidie kazi. Barabara ile kipindi hicho ilikua vumbi na makorongo, na mvua ndo zimeshapiga, kwahiyo tulishuka kusukuma basi mara mbili na nikafika usiku nina tope mpaka masikioni.

Mjomba alikua na boti. Sio mtumbwi, boti kabisa, la mbao, futi kama 30, injini ya dizeli iko ndani, alilinunua kwa mtu wa Mwanza likaletwa na lori. Pale bwawani karibu wote walikua wanapiga kasia, ye anazunguka kambi za wavuvi anakusanya perege na kambale anawaleta barabarani. Sasa 2006 si mnakumbuka ule mgao wa umeme? Bwawa la Mtera likijaa ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, mitambo inatakiwa izimwe maji yakishuka chini ya 690, na mwaka ule yalishuka. Sisi wa mjini tunalalamikia taa, kumbe mwenzetu boti limekaa juu ya tope lililopasuka, mbuzi wanalala kwenye kivuli chake. Mvua za mwisho wa mwaka zikarudisha maji, afu ikaingia ile homa ya Bonde la Ufa, Dodoma watu wakagoma kula nyama, mabucha yakafungwa, samaki akawa mfalme. Mjomba akawa hashikiki, anataka boti liingie majini jana.

Akaletwa fundi, mzee mmoja wa Tanga aliyeoa ng'ambo huko Migoli. Akaingia botini kimya, akakaa kama dakika kumi anagongagonga, akatoka anajifuta mikono.

"Mbao nitazipiga kalafati, nizibe nyufa, hilo dogo. Tatizo lako wewe liko tezini."

Mjomba akanyamaza. Alikua ameshavuka 50 na usiku alikua anatoka nje mara tatu mara nne. Akauliza kwa sauti ya chini, "Fundi, umejuaje?"

Basi mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kwa watu wa pwani tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini maji yanakojikusanya. Ule msemo wa enda tezi na omo marejeo ni ngamani, mi nilikua nimeukariri shule na nimeujibia mtihani, sijui hata unazungumzia nini.

Tatizo lenyewe ilikua glandi. Shafti inatoka kwenye injini inapita kwenye bomba inatokeza nje kwenye propela, sa pale inapopita ndo maji nayo yanataka kuingia, kwahiyo kuna kikombe cha shaba kimejazwa kamba ya pakingi kuizunguka shafti, afu kuna kofia yenye nati mbili inaikandamiza. Ya mjomba ilikua imekaukia humo mwaka mzima, ngumu kama ukoko wa ugali wa juzi. Fundi aliitoa vipande vipande kwa msumari aliokunja ncha, nusu siku nzima, na alikua hataki hata kipunje kimoja kibaki. Kamba mpya ilikua ya pembe nne, robo inchi, imelowa grisi. Akaizungushia kwenye shafti, akaikata kwa kuilaza kisu mshazari, pete nne, akazisukumia ndani mojamoja, na kila kiungo anakigeuzia upande wake, "maji yasipate ngazi".

Boti likaingia majini, nati amezikaza kwa vidole tu. Maji yanatiririka! Mjomba anamwangalia mzee kama anaangalia mwizi. Mzee hana habari, akafunga boti kwa kamba mbili kwenye miti, akawasha injini, akaitia gia ili shafti izunguke, akainama na tochi. Anakaza nati ya kulia ubavu mmoja, ya kushoto ubavu mmoja, sawasawa, maana kofia ikilala upande mmoja inakula shafti. Afu anasubiri. Anashika glandi kwa kiganja, uvuguvugu sawa, ikikushinda kuishika umeharibu. Tena anasubiri. Yani kazi nzima ya kukaza ilikua sekunde mbili, kusubiri ndo masaa. Mwisho akaazima saa ya mjomba akahesabu, matone kama kumi kwa dakika.

"Tuiache hapo. Kamba bado mpya, ikishalala vizuri nitakuja tushushe yawe matatu, manne. Yasiishe. Tone ndo linalopoza shafti."

Akaondoka zake Migoli.

Usiku nikalala botini kulinda. Tok. Tok. Tok. Asubuhi chini kuna maji, sio mengi, kikombe kimoja hivi, ila mjomba alivyoyaona akanuna. "Mjomba, mi nimemlipa yule mtu elfu arobaini aniachie tundu?" Na mimi bwana, nimetoka juzi kwenye mtihani wa fizikia, kichwa kimejaa msukumo na eneo. Nikachukua spana, nikazungusha nati zote mbili mzunguko mzima. Tone likakata. Mjomba akaninunulia soda.

Tuliondoka saa moja, kreti na barafu ndani, tunapita kwenye ile miti mikavu iliyosimama majini toka bwawa lijengwe. Kama nusu saa hivi injini ikaanza kulemewa, mjomba anaongeza mafuta, haiongezi mwendo. Ikaja harufu ya kitambaa kinachoungua. Nikainua ubao wa nyuma, moshi. Na mimi badala ya kufikiri nikaweka vidole pale kwenye shaba, nilipiga kelele nadhani na Iringa walisikia.

Mjomba akazima injini. Kimya kile sitakisahau, tunaelea, viboko wanakoroma sijui upande gani. Akanipokonya spana, akalegeza nati. Hakuna tone. Akalegeza tena. Hakuna. Baadae likaja moja, la pili, afu maji yakaanza kutoka kwa fujo, na sijawahi kuona mtu anafurahia boti lake kuvuja namna ile. Tukarudi polepole sana, mi nafua maji kwa kopo la rangi, mkono mmoja.

Mzee akaitwa. Akatoa pete, upande wa ndani zimekua nyeusi zinang'aa kama kioo. Akapitisha ukucha kwenye shafti, kuna mfereji.

"Nani kakaza hii?"

Mjomba akatazama bwawani. "Labda imejikaza yenyewe."

"Nati za kujikaza," mzee akasema, "toka Pangani mpaka hapa sijawahi kuziona." Akanirushia kisu na kamba, akakaa kwenye ndoo, na siku hiyo hakugusa kitu. Nilikata pete mi mwenyewe na vidole vyangu vya kuungua, nikazipanga, nikahesabu matone mpaka jua likazama.

Ila ule mfereji ulibaki. Matone manne hatukuyapata tena, chini ya kumi inapata moto, kwahiyo kila asubuhi ilikua lazima kufua maji. Matokeo yalitoka nikiwa hukohuko. Fizikia nilipata D, mjomba akasema hata hiyo haelewi wamenipa ya nini.