Uchumi wa form five na nyanya za mama

Mi nilisoma HGE, yani History, Geography na Economics, na O-level somo la Uchumi hatukuwa nalo kabisa, so form five ndo tunakutana. Siku ya kwanza ticha kaingia, hata salamu hajamaliza, kachora mistari miwili ubaoni imekatana kama mkasi, hii demandi, yani wanunuzi wanataka kiasi gani, hii saplai, yani wauzaji wanaleta kiasi gani, zinapokutana hapo ndo bei. Kimyaaa. Halafu akatupia "ceteris paribus", yani mengine yote yasibadilike, nikajisemea huyu hajawahi kufika sokoni.

Maana mama angu anauza nyanya. Zikiadimika hapandishi bei ng'o, fungu ni 500 ile ile ila badala ya nyanya 5 zinakuwa 3, nzuri inakaa juu zenye makovu chini. Nikauliza hiyo tunaichoraje? Ticha akacheka, we gawa tu, nyanya moja ilikuwa 100 sasa ni kama 167, bei imepanda hiyo ila mteja hajaiona. Aisee!

Kilichonitesa ni kwamba kwenye ule mchoro bei, ambayo ndo inasababisha watu wanunue kiasi gani, inakaa kwenye mstari wa wima wakati kwenye hesabu tumezoea kinachosababisha kikae kwenye mstari wa chini, kumbe ni mazoea ya Mwingereza mmoja wa karne ya 19, Alfred Marshall, wote tukafuata. Test ya kwanza nilichora kinyume, marks zikaenda.

Likizo nikaanza kumfundisha mama, kwamba ukichagua kitu gharama yake ni kile ulichokiacha. Akanitazamaaa. "Sasa we ulivyokaa hapo unanieleza, nyanya anapanga nani?"